Paul Bomani na shule ya mizani

MSIMU wa mavuno unapowadia, Kibaigwa hailali. Mji huo mdogo wa Wilaya ya Kongwa, ulio kando ya barabara kuu iendayo Dodoma kutoka Morogoro, hupokea malori ya mahindi, alizeti, ufuta na karanga kutoka vijiji vya Kongwa kwenyewe, Mpwapwa na hata ng'ambo ya mpaka wa mkoa, Kiteto. Mkulima anaposhusha magunia yake sokoni, kazi ya jembe imekwisha. Inaanza kazi nyingine, ambayo mara nyingi hakuna aliyewahi kumfundisha: kazi ya kuuza. Anapaswa kujua uzito halisi wa gunia lake, bei ya siku ile na ya jana yake, ujira wa dalali, ushuru wa halmashauri, na hasara anayoipata pale mnunuzi anapomtaka ajaze lumbesa.

Yapo masomo mengi ya kilimo katika nchi hii. Masomo ya kuuza mazao ni machache, na masomo yanayoendelea baada ya mtu kuajiriwa kwenye mizani ni machache zaidi. Kwa sababu hiyo si vibaya kumkumbuka hayati Paul Lazaro Bomani. Hakuwa mtu wa Dodoma, na zao lake halikuwa mahindi bali pamba ya Kanda ya Ziwa. Wengi wanamkumbuka kwa uwaziri, kwa ubalozi wa miaka mingi Washington, au kwa joho la Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini kabla ya yote hayo alikuwa katibu wa chama cha wafanyabiashara wadogo, na sehemu kubwa ya ujana wake aliitumia akihangaika na swali moja: mtu asiyejua kusoma mizani atauzaje bila kupunjwa?

Bomani alizaliwa Musoma tarehe 1 Januari 1925, mtoto wa mhubiri wa Kanisa la Waadventista Wasabato. Alisoma katika shule za kanisa hilo, ikiwamo Ikizu, shule iliyowatoa walimu na makarani wengi wa upande ule wa ziwa. Mwaka 1945 alipata kazi ya ukarani katika mgodi wa almasi wa Williamson, Mwadui. Kwa kijana Mwafrika wa wakati ule hiyo ilikuwa ajira ya kutamaniwa: mshahara wa uhakika, kalamu, daftari na meza.

Hakukaa. Mwaka 1947 aliiacha Mwadui akaenda Mwanza kuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara wa Kiafrika. Wanachama wake walikuwa wenye maduka madogo na wachuuzi waliobanwa na utaratibu ambao bidhaa za jumla, mikopo na leseni vilikuwa mikononi mwa wengine. Walikuwa na moyo wa biashara, lakini hawakuwa na vitabu vya hesabu vilivyokamilika, wala namna ya kujua kama duka linapata faida au linakula mtaji wake.

Itafaa tutaje hapa kilichokuwa kikitokea mwaka huohuo wa 1947 karibu na Kibaigwa. Serikali ya Uingereza ilikuwa imeanzisha mradi mkubwa wa karanga, na makao yake ya kwanza yalikuwa Kongwa. Matrekta yaliletwa kwa mamia, reli ikasukumwa, mji ukajengwa porini. Mvua haikutosha, udongo ulikauka ukawa kama sakafu, na mafunzo ya watu waliopewa mashine yalifanyika kazini, huku mashine zikivunjika. Mradi uliachwa mwaka 1951 baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Katika miaka hiyohiyo, kule Mwanza, kijana mwenye umri wa miaka 22 alikuwa akifanya jambo ambalo halikuhitaji trekta hata moja. Alikuwa akiwafundisha watu hesabu za biashara yao wenyewe.

Kutoka kwa wachuuzi, macho ya Bomani yaligeukia pamba, kwa sababu fedha za Usukuma zilitoka huko. Mwenye duka wa Kiafrika aliuza msimu wa pamba tu. Mkulima akipunjwa mizani, duka nalo lilikosa mteja. Ni vema kueleza jinsi soko lile lilivyofanya kazi, maana ndilo lililoamua maisha yake yote yaliyofuata.

Bei ya pamba mbegu, yaani pamba kama inavyochumwa, ilipangwa na serikali kwa kila ratili. Wanunuzi, wengi wao wenye asili ya Asia waliomiliki vinu vya kuchambua pamba au walionunua kwa niaba ya wenye vinu, hawakuruhusiwa kushindana kwa bei. Palipozuiwa ushindani wa bei, faida ya ziada ilitafutwa penye mizani. Mkulima alifika na mzigo kichwani au juu ya punda, akasimama kwenye foleni, karani akautundika, akasoma namba, akaandika. Mwenye mali hakuisoma namba ile. Kisha lilikuwapo jambo la daraja. Pamba safi ilikuwa na bei yake, na ile yenye uchafu au madoa, ambayo Usukumani huitwa fifi, ilikuwa na bei ya chini mno. Nani aliamua kwamba hii ni safi na ile ni fifi? Aliyenunua.

Si wanunuzi wote waliokuwa wezi, na itakuwa uonevu kusema hivyo. Lakini soko ambamo upande mmoja tu ndio unaojua kusoma chombo cha kupimia haliwezi kuwa la haki hata kama kila mtu ndani yake ni mcha Mungu. Jambo hilo Bomani na wenzake walilielewa mapema. Mwanzoni hawakudai wanunuzi wafukuzwe. Walidai mizani ya pili. Ndipo ukaanzishwa utaratibu wa wapimaji huru, vijana wa Kiafrika waliowekwa karibu na vituo vya kununulia ili mkulima apime mzigo wake kabla hajaufikisha kwa mnunuzi. Alipofika kwa karani tayari alikuwa na namba yake kichwani.

Hapo ndipo mafunzo yalipokuwa jambo la lazima. Mpimaji asiyejua kusawazisha mizani angeleta ugomvi mkubwa zaidi kuliko aliotumwa kuuzuia. Akikosea ratili tano, mnunuzi angemcheka mbele ya foleni nzima na wakulima wangerudi kwenye imani yao ya zamani kwamba mizani ni uchawi wa wenye elimu. Vijana hao walipaswa kufundishwa kuanza siku kwa kuangalia kama mizani imekaa kwenye sifuri, kutambua ndoano iliyochezewa, kuandika stakabadhi inayosomeka, kujumlisha bila kufuta. Walipaswa pia kufundishwa jambo gumu kuliko yote hayo, nalo ni kumwambia ukweli mkulima ambaye ni jamaa yake kwamba pamba yake kweli ni fifi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa walijikusanya katika chama chao cha wakulima wa pamba, na mwaka 1953 vyama vya msingi vya kwanza vikaanza kuandikishwa chini ya sheria ya ushirika. Kabla yao walikuwapo Wachagga wa kahawa, ambao KNCU yao ilianza mwaka 1933, na Wahaya wa Bukoba, ambao chama chao kikuu kilikuja mwaka 1950. Wasukuma walichelewa, lakini walikwenda kwa kasi ambayo haikuwa imeonekana.

Katika hatua hiyo, wakati wenzake walipomhitaji mno, Bomani aliondoka kwenda kusoma. Kati ya 1953 na 1954 alikuwa Uingereza katika Chuo cha Ushirika cha Loughborough. Wapo waliodhani ni wakati mbaya wa kuondoka. Kwa maoni ya mwandishi huyu, huo ndio uamuzi unaomtofautisha na viongozi wengi wa vyama, wa wakati ule na wa sasa, ambao wakishapata cheo huona kurudi darasani ni kushushwa hadhi.

Chuo kile hakikuwa cha mabwana wakubwa. Kilikuwa tunda la vuguvugu la ushirika la wafanyakazi wa Uingereza, lililoanza na wafumaji wa Rochdale mwaka 1844. Wafumaji hao walifungua duka dogo la unga, siagi na sukari, na baadaye wakaweka kanuni ya kutenga sehemu ya ziada yao, asilimia mbili na nusu, kwa ajili ya elimu ya wanachama. Elimu ilikuwa kifungu katika hesabu za duka, kama kodi ya pango na mishumaa. Wenye mitaji wa Marekani nao walifikia jambo linalofanana kwa njia nyingine: John Patterson, mwenye kampuni ya mashine za kuhifadhi fedha za mauzo huko Dayton, Ohio, alifungua katika miaka ya 1890 shule ya kuwafundisha wauzaji wake na kuwataka warejee humo. Patterson aliwafundisha kumshawishi mteja. Rochdale waliwafundisha kupima sawasawa na kuweka vitabu wazi. Njia ya Bomani ilikuwa hii ya pili.

Loughborough hakuwa peke yake kutoka Tanganyika. Clement George Kahama wa Bukoba naye alisoma huko katika miaka hiyohiyo, kisha akarudi kuongoza chama kikuu cha wakulima wa kahawa wa kwao. Baada ya miaka michache wote wawili walikuwa mawaziri wa serikali ya kwanza ya Mwalimu Nyerere. Ni jambo la kutafakari kwamba nchi iliyokuwa na wahitimu wachache wa chuo kikuu iliwapata mawaziri wawili katika darasa la kufundishia watu kuuza kahawa na pamba.

Mwaka 1955 liliundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililojulikana kwa kifupi chake cha Kiingereza, VFCU, na Bomani akawa meneja mkuu. Alikuwa na umri wa miaka 30. Chini ya shirikisho vilikuwapo vyama vikuu, na chini ya hivyo vyama vya msingi vilivyoongezeka mwaka hadi mwaka hadi kufikia mamia. Shirikisho lilianza kujenga na kununua vinu vyake. Kufikia msimu wa 1959/60 pamba yote ya jimbo ilikuwa ikinunuliwa na wakulima wenyewe kupitia vyama vyao. Watu wa nje walikuja kulitazama, na likahesabiwa kuwa miongoni mwa mashirika makubwa kabisa ya ushirika barani Afrika.

Kilichokuwa kikifundishwa sasa kilikuwa kikubwa kuliko ile mizani ya pili. Pamba mbegu ikichambuliwa, takriban theluthi moja tu ya uzito wake hutoka pamba nyuzi. Sehemu kubwa inayobaki ni mbegu. Anayeuza pamba mbegu bila kujua hesabu hiyo hajui anauza nini. Katibu wa chama cha msingi, ambaye mara nyingi alikuwa kijana aliyeishia darasa la saba au la nane, alipaswa kupokea fedha taslimu za msimu, kuwalipa wakulima mamia kwa siku chache, kupeleka pamba kinuni, na mwishoni kueleza tofauti kati ya uzito alioununua na uliopokelewa kiwandani. Unyevu hupungua njiani, pamba hupukutika, na mwizi hujificha ndani ya sababu hizo mbili. Katibu mwaminifu asiye na mafunzo na katibu mwizi mwenye akili huleta hesabu zinazofanana. Ofisa ushirika aliyepita mara moja kwa msimu hakuweza kuwatenganisha.

Upo upande wa siasa ambao hatuwezi kuuruka, ingawa si kiini cha makala haya. Tangu mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilikataa kuandikisha matawi ya TANU katika sehemu kubwa ya Jimbo la Ziwa, na zuio hilo lilidumu hadi mwaka 1958. Katika kipindi hicho mkutano wa chama cha pamba ulikuwa moja ya nafasi chache za watu kukutana kihalali, kuchagua viongozi, kuhoji hesabu na kumwondoa mwenyekiti. Waliojifunza kuhoji stakabadhi walijifunza pia kuhoji mkuu wa wilaya. Bomani aliingia Baraza la Kutunga Sheria katika miaka hiyo, na Septemba 1960, serikali ya madaraka ilipoundwa, Nyerere alimpa Wizara ya Kilimo na Maendeleo ya Ushirika.

Hapo ndipo pana utata wa maisha yake. Mtu aliyejua kwa mikono yake jinsi karani wa pamba anavyofundishwa aliondoka Mwanza wakati shirikisho lilipokuwa likipanuka kuliko wakati wowote. Mwaka 1962 alihamishiwa Wizara ya Fedha, akichukua nafasi ya Sir Ernest Vasey. Serikali ya Uhuru ilitaka ushirika uenee nchi nzima na haraka, hata mahali ambapo wakulima hawakuwa wameuomba. Vyama viliandikishwa kwa mamia. Mahindi, mpunga, korosho, ufuta, kila zao likapewa chama, na kila chama kikahitaji katibu, mpimaji na mtunza fedha. Watu wa kuziba nafasi hizo hawakuwapo.

Si kwamba hakuna lililofanyika. Chuo cha Ushirika kilifunguliwa Moshi mwanzoni mwa mwaka 1963, na mwaka uliofuata ikaongezwa huduma ya elimu ya ushirika iliyowafuata wanachama na watumishi huko waliko, kwa masomo ya posta na kwa redio. Mwaka 1965 kikafuata Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, mjini Dar es Salaam. Ilikuwa mipango ya busara. Lakini mwanafunzi wa Moshi alipohitimu alielekea ofisi ya chama kikuu, penye kiti na taipureta. Aliyebaki kwenye mizani kijijini ni yuleyule aliyeajiriwa kwa msimu kwa sababu ni mpwa wa mjumbe wa kamati. Aliingia bila somo, akatoka bila somo, na msimu uliofuata akaletwa mwingine.

Pamba yenyewe haikungoja. Katikati ya miaka ya 1960 mavuno ya taifa yalizidi tani 70,000 za pamba nyuzi, mara kadhaa ya ilivyokuwa wakati Bomani anaanza. Makato ya kuendesha vyama yalipanda. Wakulima waliokuwa wamefurahi kuondokana na mnunuzi wa zamani sasa walianza kunung'unika kuhusu mizani ya chama chao wenyewe.

Katika uchaguzi mkuu wa mwaka 1965, wa kwanza wa mfumo wa chama kimoja, Paul Bomani, Waziri wa Fedha na mwasisi wa ushirika wa pamba, alishindwa ubunge nyumbani kwake Mwanza. Sababu za mtu kushindwa uchaguzi huwa nyingi, na waziri wa fedha daima hubeba lawama za kodi. Hata hivyo ni vigumu kutoona kwamba waliopiga kura ni wale wale waliofundishwa, miaka kumi kabla, kutokubali namba bila kuikagua. Nyerere alimteua kuwa mbunge na kumrudisha katika baraza la mawaziri, safari hii kwa mambo ya uchumi na mipango ya maendeleo.

Mwaka uliofuata, 1966, Kamati Maalumu ya Rais iliyochunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao ilitoa taarifa yake. Ni taarifa ambayo kila anayeshughulika na masoko ya mazao angefaa kuisoma hata leo. Iliorodhesha kasoro za msingi: wanachama wasio na elimu ya kutosha kuhusu chama chao, upungufu wa watumishi wenye ujuzi unaofaa, udhaifu wa demokrasia katika vyama vikuu, upungufu wa watu wenye ujuzi walio katika nafasi ya kushauri na kuongoza, na kuingiliwa na siasa. Msomaji atahesabu mwenyewe: tatu kati ya hizo tano ni habari ya mafunzo. Mwaka 1967 serikali ilichukua uendeshaji wa vyama kadhaa, VFCU ikiwamo, na lile shirikisho la mwaka 1955 likageuzwa kuwa chama kikuu kimoja cha Nyanza. Iliundwa pia tume ya kuajiri na kuwasimamia watumishi wote wa ushirika ili kazi isiwe tena ya mpwa wa mjumbe.

Bomani hakuwa tena mwenye kauli katika hayo. Baada ya mipango alishika biashara na viwanda kuanzia mwaka 1970, na mwaka 1972 akatumwa Washington kuwa balozi, kituo alichokaa hadi mwaka 1983 akiiwakilisha nchi pia huko Mexico. Wakati akiwa huko, mwaka 1976, vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na kazi zao kupewa mamlaka za mazao na vijiji. Wapimaji na makatibu waliofundishwa kwa gharama ya miaka mingi walitawanyika. Vyama viliporudishwa kwa sheria ya mwaka 1982 majina yalirudi upesi. Ujuzi haukurudi kwa sheria.

Nani alaumiwe? Baadhi ya waandishi wa historia ya ushirika wameelekeza kidole kwa serikali, wengine kwa tamaa za viongozi wa vyama. Bomani mwenyewe hawezi kuachwa nje ya hesabu hiyo. Alikuwa waziri wa ushirika, kisha wa fedha, katika miaka ambayo upanuzi uliitangulia elimu, na yeye kuliko waziri mwingine yeyote alikuwa anajua gharama ya karani asiyefundishwa. Labda aliamini Moshi ingetosha. Labda mwendo wa Uhuru haukumpa nafasi ya kusema taratibu. Ukweli ni kwamba mpimaji huru wa mwaka 1950 alikuwa na mwalimu karibu naye kuliko katibu wa mwaka 1965.

Aliporejea kutoka Marekani alishika tena nyadhifa za uwaziri, na katika miaka ya mageuzi ya uchumi akawa mwenyekiti wa bodi ya Kampuni ya Bia Tanzania, iliyoingia ubia na kampuni ya Afrika Kusini mwaka 1993. Mtu aliyeanza na wachuuzi wa Mwanza alimaliza akiwa kwenye kampuni ambayo bidhaa yake huingia karibu kila kioski nchini. Tangu mwaka 1993 pia alikuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwatunuku shahada maelfu ya vijana, yeye ambaye cheti chake kikuu kilitokana na chuo cha kufundishia watu wa maduka.

Na Kibaigwa je? Mambo mengi ya Usukuma ya mwaka 1950 yako pale katika sura nyingine. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kupita kilo 100, na Wakala wa Vipimo upo tangu mwaka 2002, lakini lumbesa hupigwa marufuku kila mwaka na kila mwaka huonekana barabarani. Dalali anajua bei ya Dar es Salaam na ya Nairobi kwa simu yake ya mkononi. Mkulima ana simu pia, ila aghalabu hana wa kumpigia. Tofauti moja ni kwamba shule sasa ziko karibu. CBE ilifungua kampasi Dodoma mwaka 1983, na miongoni mwa masomo yanayotolewa na chuo hicho ni elimu ya mizani na vipimo. Chuo cha Moshi kilipandishwa kuwa Chuo Kikuu cha Ushirika mwaka 2014, na kina taasisi yake Kizumbi, Shinyanga, katikati ya nchi ya pamba. Umbali uliobaki kati ya vyuo hivyo na kijana anayetundika gunia Kibaigwa hauhesabiwi kwa kilomita. Cheti huchukua mwaka au zaidi. Msimu wa mahindi ni miezi michache. Na mwenye chama au mwenye ghala huona kumpeleka mpimaji wake kwenye mafunzo ya wiki mbili ni kupoteza mtu wakati wa kazi. Rochdale waliliweka jambo hilo kwenye hesabu. Vyama vyetu vingi huliweka kwenye hotuba.

Mwaka 2005 Bunge lilipitisha Sheria ya Stakabadhi za Maghala. Kwa utaratibu huo mkulima huweka mazao ghalani, yakapimwa uzito na daraja, akapewa hati ya mali yake, kisha akauza baadaye bei inapokuwa nzuri au akaitumia hati hiyo kuombea mkopo benki. Utaratibu huo umeenea kwenye korosho na ufuta, na tangu kuanzishwa kwa Soko la Bidhaa mwaka 2014 minada imekuwa ikihamia kwenye kompyuta. Katika hatua zote hizo mwanzo ni uleule wa vituo vya pamba: mtu mmoja anasoma mizani, anaamua daraja, anaandika karatasi, na mwenye mali amesimama anangoja.

Paul Bomani hakuishi kuona sheria hiyo ikifanya kazi. Alifariki dunia tarehe 1 Aprili 2005, akiwa na umri wa miaka 80, bado akiwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nafasi yake chuoni ilichukuliwa na Balozi Fulgence Kazaura.